Waliiba mtindo, wakaacha mtambo: kwa nini filamu za wizi zinazoiga mabingwa hupwaya

Mwaka 2001 Hollywood ilitoa filamu mbili zenye wazo moja: kundi la wanaume linaingia Las Vegas kuiba kasino. 3000 Miles to Graceland ilitoka Februari, Ocean's Eleven ikafuata Desemba. Ya kwanza iligharimu takriban dola milioni 62. Ilikuwa na Kurt Russell, Courteney Cox, Christian Slater na Kevin Costner, ambaye wakati huo tayari alikuwa na Oscar mbili za Dances with Wolves. Mapato yake ya tiketi dunia nzima hayakufika dola milioni 20. Ya pili iligharimu takriban milioni 85, ikaingiza takriban milioni 450.

Mastaa walikuwepo pande zote mbili, kwa hiyo hilo si jibu. Wala mbinu hazikupungua kwenye ile iliyoanguka. 3000 Miles ina ufyatulianaji wa risasi wa mwendo wa polepole uliotoka Hong Kong. Ina mizaha katikati ya damu, kwa harufu ya Quentin Tarantino, mwongozaji wa Pulp Fiction. Ina uhariri wa kasi wa video za muziki, alikotokea mwongozaji wake Demian Lichtenstein. Inafunguka hata kwa nge wawili wa kompyuta wakipigana jangwani, jambo ambalo hadi leo ni vigumu kusema lilikuwa na kazi gani. Karibu kila kitu ambacho watazamaji wa miaka ya tisini walikipenda kimewekwa humo. Kilichokosekana hakionekani kwenye picha, ndiyo maana waigaji hukipita: mpangilio wa nani anajua nini, na anakijua lini.

Pande tatu za wizi

Wizi wa kwenye sinema una pande tatu, si mbili: wezi, wanaoibiwa, na mtazamaji. Kila upande una akiba yake ya habari, na kazi ya mwongozaji ni kuamua nani apewe kipande kipi na dakika ipi. Mtazamaji akijua zaidi kuliko mlinzi anayeusogelea mlango, tunapata taharuki. Akijua pungufu kuliko mwizi, anatayarishiwa mshangao. Akijua ya wote huku kila mhusika akiwa na kipande chake tu, ucheshi unajizaa wenyewe. Nje ya hapo, mtazamaji anaangalia picha zikipita.

Waandishi wa filamu za aina hii wana kanuni ya zamani: mpango ukielezwa wote kabla ya siku yenyewe, lazima uharibike, ukifichwa, unaweza kufanikiwa. Mantiki yake ni nyepesi. Mpango ulioelezwa kisha ukaenda kama ulivyoelezwa ni hadithi moja iliyosimuliwa mara mbili.

Jules Dassin, Mmarekani aliyehamia Ulaya baada ya kuwekwa kwenye orodha nyeusi ya Hollywood (walionyimwa kazi kwa kushukiwa ukomunisti), alipata njia ya kuikwepa kanuni hiyo katika Rififi (1955), iliyopigwa Paris. Aliwapa watazamaji tatizo kwanza. Wezi wanapata king'ora cha aina ile ile kinacholinda duka la vito, wanakijaribu, wanagundua kinashtuka kwa mtikisiko mdogo tu. Baada ya kuhangaika wanaona povu la mtungi wa kuzimia moto linaweza kukinyamazisha. Ndipo unafuata usiku wa wizi, karibu nusu saa nzima bila neno na bila muziki. Wanatoboa sakafu ya nyumba iliyo juu ya duka. Tundu likishapatikana wanapenyeza mwavuli uliofungwa, wanaufungua ukiwa upande wa chini, na vipande vya plasta vinavyoendelea kubomoka vinadondokea ndani ya kitambaa badala ya kudondoka sakafuni mwa duka. Hakuna anayemweleza mtazamaji kwamba hapo pana hatari. Ameshafundishwa mapema kwamba mtikisiko ni king'ora, kwa hiyo kila kipande cha plasta kinamkaba koo.

Nusu saa ya kimya ni mtindo, na yeyote anaweza kuinyamazisha filamu yake kwa nusu saa. Lakini kimya cha Dassin kinalipiwa na dakika chache za majaribio zilizotangulia. Ukichukua kimya ukaacha majaribio, una watu wanaotoboa sakafu.

Jinsi Ocean's Eleven inavyomwibia mtazamaji

Mwongozaji Steven Soderbergh na mwandishi Ted Griffin walifanya kazi ile ile kwa njia ya mazungumzo. Mapema katika filamu, kiongozi wa wezi Danny Ocean anawaorodheshea wenzake vizuizi kimoja baada ya kingine. Chumba cha hazina kiko chini ya Bellagio na kinahifadhi fedha za kasino tatu: Bellagio, Mirage na MGM Grand. Kukifikia kunahitaji kupita milango ambayo kila mmoja una namba yake ya siri ya tarakimu sita, na namba hizo hubadilishwa kila baada ya saa 12. Inafuata lifti isiyosogea bila alama za vidole na bila kauli ya kuruhusu kutoka juu na chini. Kisha kuna walinzi wenye bunduki, kisha mlango wa hazina wenyewe. Anaeleza hata kwa nini fedha zipo nyingi: sheria inaitaka kasino iwe na taslimu ya kufunika chipu zote zinazochezewa, na usiku wa pambano la ngumi kiasi hicho hufika dola milioni 150.

Hii ni hotuba ya dakika chache, na inaweza kuonekana kavu. Kazi yake ni kumpa mtazamaji orodha ya kukagulia. Kuanzia hapo, kila mlango unaofunguka ni alama ya tiki kwenye orodha aliyonayo kichwani, na hahitaji kuelezwa tena kwamba wezi wamepiga hatua.

Halafu wanajenga chumba cha hazina cha bandia, na tunaambiwa ni cha kufanyia mazoezi. Hapo ndipo tunapoibiwa sisi. Usiku wa wizi, mwenye kasino Terry Benedict anatazama skrini za ulinzi na kuwaona majambazi ndani ya hazina yake. Anaita polisi wa kikosi maalumu. Baadaye, akirudia picha zile, anagundua kwamba sakafu inayoonekana haina nembo ya Bellagio iliyowekwa Jumanne. Alichoonyeshwa ni mkanda uliorekodiwa kwenye chumba cha bandia, na wale polisi walioingia na kutoka na mifuko yao ni wezi wenyewe. Kila kilichotumika tulikuwa tumekiona. Kilichofichwa ni matumizi yake tu. Mshangao wa aina hiyo humfanya mtazamaji atake kuirudia filamu, kwa sababu ushahidi ulikuwa mbele yake.

Filamu yenyewe si safi. Mifuko ya kupumbaza inakutwa imejaa vikaratasi vya matangazo ya makahaba, na hakuna mahali tunapoelezwa viliingiaje hazinani. Watu wengi hulikumbuka swali hilo wakiwa njiani kurudi nyumbani, na huko njiani haliwezi tena kuidhuru filamu.

Sasa turudi kwa akina Elvis

Wazo la 3000 Miles, kwa maoni yangu, ni zuri kuliko la Ocean's Eleven. Ni wiki ya wapenzi wa Elvis Presley, Las Vegas imejaa mamia ya watu waliovaa kama yeye, na wezi watano wanaingia kasino ya Riviera wakiwa wamevaa vivyo hivyo. Mlinzi atamtafuta nani? Polisi wataandika maelezo gani ya mtuhumiwa? Filamu nzima ingeweza kukaa juu ya swali hilo: mashahidi 100 wamemwona Elvis, na Elvis yuko kila meza. Zaidi ya hayo Kurt Russell alikuwa amemcheza Elvis kwa sifa kubwa katika filamu ya televisheni ya 1979 iliyoongozwa na John Carpenter. Mali yote ilikuwa mezani.

Kinachotokea ni kwamba vazi linatumika kuingilia, basi. Muda mfupi baadaye silaha zinatoka na ukumbi unageuka uwanja wa vita, huku picha zikikatwa kwenda na kurudi kwenye onyesho la wacheza densi jukwaani. Mpango wenyewe tumeonyeshwa kidogo sana. Hatukujua mlango upi ni mgumu, mlinzi yupi ana funguo, wala wezi wana dakika ngapi. Kwa hiyo risasi zinapoanza hatuwezi kusema mambo yameharibika, maana hatukuwahi kujua kutengemaa kwake kulikuwaje. Watu wanaanguka, vioo vinapasuka, helikopta inawachukua kutoka paani, na dola milioni 3.2 zinaondoka. Kelele ni nyingi na taharuki haipo.

Baada ya hapo filamu ina zaidi ya saa nzima iliyobaki. Murphy wa Costner, anayejiamini kuwa mtoto wa nje wa Elvis, anawaua wenzake ili asigawane. Zane wa Russell anapigwa risasi, kisha anainuka: alivaa fulana ya kuzuia risasi. Ilinganishe na sakafu isiyo na nembo. Fulana inajibu swali ambalo mtazamaji hakuwa amepewa nafasi ya kujiuliza, hivyo mshangao wake unadumu sekunde mbili. Kuanzia hapo ni mbio za kufuatana barabarani, na wazo la umati wa Elvis limebaki Las Vegas.

Maongezi ya burebure ambayo si ya burebure

Katika yote yaliyoibwa kwa Tarantino, hakuna kilichoibwa sana kama wahalifu wanaopiga soga. Pulp Fiction yake ilishinda Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Mei 1994, ikapata Oscar ya mswada, na kwa gharama ya takriban dola milioni 8 ikaingiza zaidi ya milioni 200. Miaka iliyofuata zilitoka filamu nyingi zenye wauaji wanaojadili vyakula na vipindi vya televisheni kabla ya kufyatua risasi. Waigaji waliona soga na risasi. Hawakuangalia yaliyomo katikati.

Chukua onyesho la korido. Vincent na Jules wanakwenda kuua. Njiani wamezungumzia majina ya baga huko Ulaya, na hicho ndicho kila mtu anakikumbuka. Wakiwa ndani ya jengo, mazungumzo yanahamia kwa Mia, mke wa bosi wao Marsellus Wallace. Inasemekana Marsellus alimtupa mtu kutoka dirishani kwa sababu alimkanda Mia miguu. Wanabishana: kukanda miguu ni jambo la kutupiwa mtu dirishani? Wanafika mlangoni, Jules anauliza saa, anaambiwa ni 1:22 asubuhi, anasema muda bado. Wanasogea pembeni kumalizia ubishi.

Hesabu mzigo uliobebwa. Tumejua bosi ni mtu wa namna gani kabla hatujamwona uso. Tumejua Vincent ameagizwa amtoe Mia mtoko wa jioni bosi akiwa safarini, na yeye mwenyewe ana wasiwasi. Tumejua kwamba hawa wawili kuua ni kazi ya saa za ofisi, wana muda wa kuingia. Na mlango tumeuona: nyuma yake kuna watu ambao hawajui kwamba maisha yao yamerefushwa kwa dakika mbili za ubishi kuhusu miguu. Soga ni kifuniko, chini yake kuna taharuki na maandalizi ya nusu saa nzima inayofuata. Vincent anapocheza na Mia, kila hatua ya miguu ile ina dirisha nyuma yake.

Mtu anayetafsiri filamu kwa sauti kwenye kibanda cha video, Nairobi au Kampala, angeweza kuyafunika maongezi ya filamu nyingi za kuiga kwa mizaha yake mwenyewe na hakuna mteja angepungukiwa. Akiifunika korido ile, jioni ya Mia haitaeleweka.

Things to Do in Denver When You're Dead (1995) ni mfano mzuri wa soga iliyokosa mzigo, na si filamu mbaya kabisa. Andy Garcia anaibeba kwa utulivu. Wahusika wake wana misimu yao, semi wanazoambiana kama salamu za kundi. Tatizo ni kwamba misimu hiyo inahitaji kufafanuliwa, hivyo mzee mmoja amewekwa mgahawani kuwaeleza wengine, yaani kutueleza sisi. Lugha ya mtaani inayokuja na kamusi yake hujulikana mara moja kwamba haikuzaliwa mtaani.

Kipimo cha soga ni rahisi. Iondoe kwenye mswada, kisha soma kurasa 20 zinazofuata. Ukurasa mmoja wa mswada ni wastani wa dakika moja ya filamu, kwa hiyo soga ya kurasa nne ni dakika nne za maisha ya mtu. Ikiwa hakuna kinachopungua mbele, dakika hizo zimepotea.

Wimbo unakaa wapi

Onyesho la sikio katika Reservoir Dogs (1992) ya Tarantino limefundisha kizazi kizima kwamba ukatili ukiambatanishwa na wimbo mchangamfu huwa wa kusisimua. Limefundisha vibaya. Jambazi aitwaye Mr. Blonde amemfunga polisi kwenye kiti ndani ya ghala. Anawasha redio, na wimbo wa Stealers Wheel unatoka ndani ya redio hiyo, kwenye kipindi cha nyimbo za miaka ya sabini ambacho tumekuwa tukikisikia tangu mwanzo wa filamu. Anacheza. Wakati wa kukata sikio lenyewe, kamera inageuka kando, inaangalia ukuta. Halafu anatoka nje kwenda kuchukua petroli kwenye gari, na kamera inamfuata bila kukatwa. Akivuka mlango, wimbo unafifia. Nje ni mchana wa kawaida, kuna utulivu wa mtaa. Anachukua dumu, anarudi, anavuka mlango, na wimbo unapanda tena.

Wimbo ule ni wa mahali. Kwa sababu una mahali, mtazamaji amepimiwa umbali: hatua chache tu kutoka kwenye mateso kuna jua na dunia isiyojua lolote. Waigaji wakaubandika wimbo juu ya picha, ukisikika kila mahali kwa sauti moja, na ukatili wakauweka katikati ya fremu. Wimbo ukiwa hauna redio hauwezi kufifia mlangoni.

Kuna na upande wa fedha. Wimbo maarufu unahitaji vibali viwili: kimoja cha mwenye utunzi, kingine cha mwenye rekodi yenyewe. Mmoja akikataa, huna wimbo. Mtayarishaji mwenye bajeti ndogo akipata kibali cha utunzi pekee huishia kurekodi upya kwa sauti ya mwimbaji mwingine, na mtazamaji husikia mara moja kwamba si ule. Ndiyo maana mwandishi mwenye busara haandiki onyesho linalosimama kwa wimbo mmoja kabla hajaulizia bei.

Kuvuruga saa

Filamu za kuiga hupenda kuanza mwishoni: mtu amelowa damu, kisha maandishi yanatuambia turudi nyuma saa 24. Mbinu rejeshi ya namna hii mara nyingi ni kukiri kwamba dakika 20 za mwanzo zinachosha, kwa hiyo tumepewa rushwa ya damu ili tuvumilie.

Ipange Pulp Fiction kwa mfuatano wa kalenda uone kinachotokea. Jules anaamua kuacha ujambazi mapema, Vincent anapigwa risasi na bondia Butch baadaye akitoka chooni, na hadithi inaishia kwa Butch kuondoka na mpenzi wake kwenye pikipiki. Uamuzi wa Jules unazikwa katikati. Kwa mpangilio uliopo, filamu inaishia mgahawani: Jules anaondoka akiwa ameamua kuacha, Vincent anatoka pamoja naye akiwa amepuuza, na sisi tumeshaiona maiti ya Vincent. Mtazamaji anajua, mhusika hajui. Saa imevurugwa ili kuzalisha pengo hilo. Stanley Kubrick alifanya mapema zaidi katika The Killing (1956), wizi wa kwenye uwanja wa mbio za farasi: kila kurudi nyuma kunamfuata mwizi mwingine hadi kwenye dakika ile ile, na kila mara tunaongezewa kipande ambacho wenzake hawana.

Kugandisha picha, sauti ya msimulizi na mwendo wa polepole

Haya ni mapambo yanayoibwa kwa wepesi kuliko yote, kwa sababu yanafanyika kwenye kompyuta ya mhariri baada ya kila mtu kwenda nyumbani. Picha inaganda, jina la mhusika linatokea kwa herufi kubwa, msimulizi anasema huyu ndiye fulani, mtaalamu wa kufungua sefu. Kadi ya namna hiyo inafaa kama jina litatumika tena na kama sifa iliyotajwa itafeli au itafaulu mbele yetu. Wahusika 12 wakitambulishwa kwa kadi ndani ya dakika nne, mtazamaji hukumbuka watatu.

Martin Scorsese, anayeibiwa sana hapa, hugandisha picha katika Goodfellas (1990) pale msimulizi wake, jambazi Henry Hill, anapotaka kutuambia kitu ambacho picha peke yake haikisemi. Shoti yake ndefu ya kuingia klabu ya Copacabana, karibu dakika tatu bila kukatwa, ina kazi ya namna hiyo. Henry anampitisha mpenzi wake Karen mlango wa nyuma, wanashuka ngazi, wanakatiza jikoni, kila mtu anamsalimia, noti zinapita mikononi. Wanapotokea ukumbini, mhudumu analeta meza hewani na kuitua mbele kabisa ya jukwaa. Karen anauliza anafanya kazi gani, anajibiwa ujenzi. Kamera haikukatwa kwa sababu Karen hakupewa nafasi ya kupumua na kufikiri. Waigaji huchukua dakika tatu za kutembea bila kuwa na Karen.

Kuhusu mwendo wa polepole, jambo la kiufundi linalokosewa mara nyingi ni hili. Picha ya kawaida ya sinema ni fremu 24 kwa sekunde. Ili mwendo uwe wa polepole na laini, inarekodiwa kwa fremu 48, 72 au 120 kisha inachezwa kwa 24. Ukirekodi kwa 24 na kuivuta baadaye, inadonoadonoa, au programu inabuni fremu za katikati na mikono ya watu inayeyuka. Fremu nyingi pia hula mwanga: kwenda 24 hadi 48 unapoteza nusu yake, kwa hiyo taa lazima ziongezwe. Sam Peckinpah katika The Wild Bunch (1969) alipiga kwa kamera kadhaa zenye kasi tofauti, kisha mwendo wa polepole ukachanganywa na wa kawaida ndani ya ufyatulianaji mmoja. Mtu anaanguka taratibu huku wengine wakikimbia kwa kasi yao. Ni tofauti hiyo ndiyo inayouma. Kila kitu kikipungua mwendo pamoja, unachoangalia ni tangazo la miwani.

Guy Ritchie na mnyororo wake

Kwa mwongozaji Mwingereza Guy Ritchie, waigaji waliona lafudhi za London, majina ya ajabu na kamera inayorukaruka. Lock, Stock and Two Smoking Barrels (1998) kwa kweli ni daftari la stoo: ni nani ameshika kitu gani. Marafiki wanne wanachangishana pauni 100,000, Eddy anazipoteza kwenye karata zilizochezwa kwa hila, na sasa wanadaiwa nusu milioni ndani ya wiki moja na Hatchet Harry. Harry huyo huyo anataka bunduki mbili za kale. Mtu wake anawaagiza vibaka wawili wakaziibe, vibaka hawajui thamani yake, wanaziuza kwa mchuuzi, na mchuuzi anawauzia wale marafiki wanne wanaohitaji silaha. Wanazihitaji kuwapora majirani zao, ambao kupitia ukuta mwembamba wamesikika wakipanga kuwapora wakulima wa bangi. Bangi ikishapatikana wanatafuta mnunuzi, na mnunuzi wanayempata, Rory Breaker, ndiye bangi ilikuwa yake.

Unaweza kuichora yote kwenye karatasi moja: vitu vitatu (bunduki, bangi, fedha), na mshale kila kimoja kinapobadili mikono. Mtazamaji ndiye mtu pekee anayeiona karatasi nzima. Kwa hiyo anacheka mapema, kabla Rory hajajua. Filamu za kuiga huongeza makundi matano ya wahalifu bila mishale; wanakutana mwishoni kwenye ghala kwa sababu ni mwishoni, si kwa sababu kuna kitu kilichowavuta.

Kwa anayeandika, zoezi linalofaa ni kuchora jedwali kabla ya kugusa mtindo wowote. Safu ya kwanza ni onyesho. Ya pili ni anachojua kila mhusika mkuu hapo. Ya tatu ni anachojua mtazamaji. Safu ya tatu ikifanana na ya pili kwa maonyesho matatu mfululizo, hapo ndipo simu za watazamaji zitakapowashwa. Dawa mara nyingi ni kuhamisha habari: mlinzi atajwe ukurasa wa 15 badala ya wa 40, au mpasuko ndani ya kundi tuonyeshwe sisi kabla ya kiongozi kuujua. Kubadilisha mlolongo wa picha, wimbo au kasi ya uhariri hakutibu jedwali lililolala.

Waliotajwa hapa wote nao ni waigaji. Reservoir Dogs ilichota askari kanzu aliyejipenyeza kwenye genge la wezi wa vito, na bunduki zinazoelekezeana mwishoni, kutoka City on Fire (1987) ya Ringo Lam. Wezi kuitana kwa majina ya rangi, kama Mr. White, kulikuwepo tayari kwenye The Taking of Pelham One Two Three (1974). Ocean's Eleven yenyewe ni marudio ya filamu ya 1960. Tarantino hakuchukua majina ya rangi peke yake, alichukua na sababu yake: mwizi asiyejua jina la mwenzake hawezi kumtaja polisi. Kisha akaiongezea uchungu, kwa kuwa mwizi Mr. White anamwambia askari kanzu anayevuja damu jina lake halisi, kwa huruma.

Na mwenye mtindo anaweza kujiiga mwenyewe vibaya. Revolver (2005) ya Ritchie ina wahalifu wake, msimulizi wake, kamera yake, na juu yake mafumbo ya sataranji. Ila hakuna dakika ambayo mtazamaji ana uhakika ni nani anamlaghai nani, wala kama wahusika wenyewe wanajua. Ilipoingia kumbi za Marekani mwaka 2007 ilikuwa imekatwakatwa upya. Miaka mitatu baada ya Revolver alitoa RocknRolla, ambamo mchoro wa bahati wa tajiri Mrusi unaibwa na kupita mikono mingi, na kamera haituonyeshi kamwe umechorwa nini. Haijalishi, kwa sababu kila wakati tunajua uko kwa nani na ni nani bado anautafuta.